Mashati ya Kikosi cha Ziwa

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, mkokoteni ulisimama mbele ya ua wa Mwanne, mtaani Bwiza, ukiwa na mashati tisini na manne ya Kikosi cha Ziwa, yote yamelowa. Kila shati lilikuwa na nambari ya mwenyewe, imetariziwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola. Mwanne aliyafua, akayatia wanga wa muhogo, akayaanika kwenye kamba sita. Jumapili aliyapiga pasi ya makaa. Mathilde, jirani yake aliyekimbia vita vya Uvira miaka minane nyuma, alimsaidia kukamua na kusema.

Kikosi hicho kilianzishwa miaka minne baada ya uhuru, kipigane majini na nchi kavu. Kilianza na mashua mbili, tarumbeta moja na mila tatu. Yaani kilikuwa na mila nyingi kuliko mashua. Mila ya kwanza, askari hulipigia ziwa saluti kabla ya bendera. Ya pili, kila Jumamosi kikosi kizima huingia ziwani kwa mwendo wa gwaride, kikiimba, mpaka maji yafike kidevuni, ndipo hugeuka nyuma. Wafupi waliruhusiwa kuimba kwa pua. Ya tatu, hakuna anayesimama gwaride la Jumatatu na shati lenye maji.

Hii ya tatu ina historia. Mwaka wa kwanza, askari wawili walizama Jumamosi, na Jumatatu wakaja gwarideni kama kawaida, wakaitika majina yao. Ajudanti, ofisa anayeita majina, aliwaeleza kwa adabu kwamba barua za rambirambi zimekwisha kupelekwa kwa wazazi. Wakapiga saluti, wakarudi ziwani. Kilichowatofautisha na wenzao kilikuwa kimoja tu: mashati yao yalichuruzika. Tangu siku hiyo ikaandikwa kwamba mwenye shati lisilokauka ni marehemu, na marehemu hasimami gwaride.

Mwezi wa tano wa mwaka sabini na mbili, nchi iliharibika. Watu walichukuliwa kwa malori, maofisini, shuleni, kambini, na malori yakarudi matupu. Bwiza ilinong'ona, hata kwenye mabaa. Wiki ya pili ya mwezi huo, mashati tisa kwenye kamba za Mwanne hayakukauka. Jua lilikuwa kali na mengine yote yalisimama kwenye kamba kama mbao. Mwanne aliyakamua yale tisa, maji yakatoka. Akayakamua tena, maji yakatoka na ndagala wawili, dagaa wa ziwani, wazima, wanarukaruka.

"Mboga imekuja yenyewe," alisema Mathilde, lakini hakuwaokota.

Wenye mashati hayo walikuwa hai na wanakula vizuri. Jumatatu lori likawachukua, wote tisa. Wiki iliyofuata hayakukauka mashati kumi na manne, na walichukuliwa kumi na wanne.

Kapteni Népomuscène, mkuu wa kikosi, alikuwa mtu wa taratibu. Orodha za watu wa kuchukuliwa zililetwa kwake kutoka juu, zimechelewa, zina makosa ya majina. Jumapili ya tatu alikuja mwenyewe saa kumi na moja jioni, akaomba kiti, akafungua daftari, akaandika nambari za mashati yenye maji.

"Merci, mama. Kule juu wanakosea. Kamba yako haikosei."

"Mon capitaine, hao watu wako hai."

"Règlement ya kikosi inasema ni marehemu," alisema kapteni kwa upole. "Hii kamyo ya Jumatatu inawasindikiza tu."

Kapteni alipoondoka, Mwanne alirudi kwenye mashati. Kila shati alilibana kwanza kwa vidole, akatafuta sitini na moja, akalikuta kavu, ndipo akapumua. Sitini na moja ilikuwa ya Shaabani, koplo, mwanawe wa pekee.

Jumapili ya nne, sitini na moja lilichuruzika.

Alilikamua tangu asubuhi. Akaliwekea pasi, makaa yakazimika, pasi ikajaa maji. Akawasha makaa mengine, nayo yakazimika. Ua ukawa tope.

"Mama Shaabani, we unataka kumaliza ziwa yote?" Mathilde alimnyang'anya shati. "Leta sindano. Fumua nambari, uibadilishe na ya hii kavu. Arobaini hii. Nani atajua?"

"Arobaini iko ya nani?"

"Ya mutu."

"Iko ya mutoto wa Spéciose. Ule wa sokoni, ananisalimia kila siku."

"Basi kesho apite njia ingine!"

Mwanne alishika sindano. Alifumua uzi wa tarakimu ya sita mpaka nusu. Mlangoni pa jirani paka alilia, na yeye akashtuka kama aliyesikia buti. Kisha akaurudisha uzi mahali pake, mshono kwa mshono, kwa sababu Spéciose angemsalimia tena Jumanne.

Saa kumi na nusu akakumbuka jambo. Shaabani alipokuwa mchanga, wakati wa masika, nguo zake hazikukauka hata kidogo, na Mwanne alizikausha kama wanawake wote wa mtaa wanavyofanya: alizifunga tumboni, chini ya kitenge, akaendelea na kazi. Alivaa shati la sitini na moja, akafunga vifungo vyote, akaendelea kupiga pasi mengine.

Kapteni alipofika, shati lilikuwa kavu, limenyooka mgongoni pa Mwanne. Yeye Mwanne ndiye aliyechuruzika. Maji yalitoka kwenye nywele, kwenye viwiko, kwenye ncha za vidole, yakaenda mpaka kwenye kiti cha mgeni.

"Sitini na moja imekauka," alisema kapteni, akaipitisha. Aliandika nambari nyingine tano. Kisha akaitazama ile njia ya maji, maana règlement haikutaja wafuaji. Mwishoni aliandika: *mama mwenye kamba.*

"Kesho saa mbili, mama."

"Niko na kazi, mon capitaine."

"Mathilde ataifanya."

Mathilde alichukua kitambaa, akaanza kufuta njia ya maji.

Jumatatu gwaride lilipokwisha, waliokauka walipangiwa kuwasindikiza wenye maji. Lori lilisimama Bwiza. Dereva alitandika gunia kwenye benchi, benchi lisilowe, akamshika Mwanne mkono apande. Nyuma walikuwa askari watano wenye maji, wameinamisha vichwa, na mlinzi mmoja mwenye bunduki, koplo Shaabani.

Mwanne aliketi karibu naye, akampapasa begani, kifuani, kwenye mkono wa shati, akiacha kila mahali alama ya unyevu iliyokauka papo hapo.

"Mama," alisema Shaabani.

"Nyamaza. Uko mukavu."

Shaabani alishika bunduki kama alivyofundishwa, na lori likaondoka.