Mwinjilisti wa Bima

Jenista aliiona gari ya kampuni ikipanda kilima cha Igamba, akanyoosha mgongo na kujifuta udongo wa mikono kwenye kanga. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa jembe, maana jembe alilizoea tangu mumewe akiwa hai. Ulikuwa uchovu wa kungoja. Tangu mvua ya mawe ilipoyavunjavunja mahindi yake, alikuwa akiambiwa mkaguzi wa bima yuko njiani. Leo ndiyo amefika, na shamba limeshajaa maharage.

Habari za bima ya mazao waliletewa na Efraimu. Kwa miaka mingi Efraimu alikuwa mwinjilisti wa kanisa lao. Alipita nyumba kwa nyumba na baiskeli, akifariji wafiwa na kufundisha watoto wa kipaimara, na mvua ikimkuta njiani alilala alipofika. Kampuni moja ya bima ikamwona kuwa ni mtu ambaye akisema watu wanasikia, ikamfanya wakala wake. Watu walivyomfuata, ikampa kiti cha meneja wa tawi la Tunduma, kule wanakokatia bima malori yanayovuka kwenda Zambia. Akavaa tai. Jumapili aliendelea kupanda Igamba kuhubiri.

Bima yenyewe ni mnyama gani, hakuna aliyejua. Jenista alisaini kwa sababu moja tu: mtu aliyesimama naye kaburini kwa mumewe hawezi kumpeleka pabaya.

Basi mvua ya mawe ikapiga. Jumapili iliyofuata Efraimu alipanda madhabahuni, akawaona wanawake walivyovimba macho, akaifunga Biblia. "Msikae kulia pembeni ya shamba," alisema. "Ng'oeni, pandeni. Mungu hubariki mkono unaofanya kazi."

Watu walimsikia, kama walivyomsikia siku zote. Kwao shamba lililoharibika haliachwi limesimama. Ni kama kumwacha marehemu sebuleni. Kesho yake kina mama wa kanisa wakajipanga kwa zamu, wakaanza na mashamba ya wajane. Kufika Jumamosi, mahindi yaliyovunjika yalikuwa tumboni mwa ng'ombe na mbegu za maharage zilikuwa ardhini.

Gari ikasimama. Akateremka Efraimu, na nyuma yake mwanamume mnene mwenye kofia, ambaye Efraimu alimtambulisha kuwa ni Bwana Gasper, meneja wa kanda kutoka Mbeya, aliyekuja kukagua mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema Gasper.

"Marahaba, baba. Karibuni."

Gasper alitembea mpaka kona ya shamba, akarudi, akavua kofia.

"Mama, nimekuja kukagua mahindi. Mahindi yako wapi?"

Fides, jirani yake Jenista, ambaye mdomo wake haukujua kungoja zamu, akadakia kutoka mpakani: "Kamuulize ng'ombe, baba! Labda amebakiza!"

Wanawake wa kanisa waliokuwa wakimsaidia Jenista kupalilia wakaangua kicheko. Gasper hakucheka, wala hakukasirika. Aliketi juu ya gogo kama mtu ambaye miguu imemchosha siku nyingi.

"Mimi kabla ya bima nilikuwa trafiki," alisema. "Nimesimama barabara ya Tunduma mpaka magoti yakagoma. Ajali ikitokea, gari halisogezwi mpaka lipimwe. Ukilisogeza, umeharibu ushahidi. Sasa nyie mmelisogeza, mmeliosha, mmelipaka rangi."

"Kwani sisi tumegonga mtu?" Fides akauliza.

"Fides, nyamaza kidogo," alisema Jenista.

"Nani aliwaambia mng'oe?" Gasper akauliza.

Wanawake wakatazama majembe yao. Jenista alihisi jibu limemjaa mdomoni. Alikumbuka siku ile baada ya ibada, mlangoni pa kanisa, alivyomshika Efraimu mkono akamuuliza: na ile bima je, hawatataka kuona? Na Efraimu, watu wakimvuta huku na huku, akamjibu haraka: mkaguzi atakuja, nyie limeni tu. Akilisema hilo, kampuni italipa, naye atapata mahindi ya kula mwaka mzima. Asipolisema, atakula haya maharage mpaka yamtoke puani, yakiisha ataanza kuomba kwa watu.

"Niliwaambia mimi," alisema Efraimu. "Kwenye mahubiri."

Gasper akapumua. "Ngoja, Bwana Efraimu. Nisikilize vizuri kabla hujaendelea." Alisema polepole, kama anayemshika mtu mkono avuke barabara. "Uliposema hayo, ulikuwa nani? Kama ulikuwa mwinjilisti, hayo ni ya kanisa, kampuni haimo, na kina mama hawa wamejiharibia wenyewe. Kama ulikuwa meneja, amri imetoka kwetu, itabidi tuwalipe. Ila wewe kile kiti hutakikalia tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mzee."

"Una watoto shule."

"Ninao."

Jenista aliinamisha uso. Aliogopa macho yake yasije yakamwomba Efraimu jambo ambalo mdomo wake uliona aibu kulitamka. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, na katikati ya maombi akagundua hajui anaomba nini. Chakula chake ni kiti cha mtu huyu. Akaacha kuomba, akatulia.

"Kwenye mahubiri nilikuwa mwinjilisti," alisema Efraimu. "Lakini mama huyu alinifuata mlangoni akaniuliza habari ya bima, na mimi nikamjibu habari ya bima. Nikamwambia wote walime tu. Hapo nilikuwa meneja. Jibu hilo sikulitoa kwenye Biblia."

Gasper akatoa kalamu, akamgeukia Jenista. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Haya. Mtalipwa." Akaandika palepale juu ya goti. Alipomaliza alisimama, akampigapiga Efraimu begani. "Trafiki wangekupenda sana, bwana. Dereva anayesema 'mimi ndiye niliyegonga' nilimpata mara chache." Wakapanda gari pamoja, kwa kuwa gari nyingine haikuwapo, na Efraimu akakaa kiti cha nyuma.

Alipita amefungua kioo. "Mama Eva," alimwita Jenista kwa jina la mwanawe, "ubaki salama."

"Bwana akutangulie, Mwinjilisti," alijibu Jenista.

Gari ilipopotea chini ya kilima, Fides akaja na jembe begani.

"Mbona hushangilii? Njaa imekupita hiyo!"

"Nimeshukuru, Fides. Nimeshukuru kweli."

"Sasa Tunduma watatuwekea nani? Mwalimu? Mtu wa benki? Au watuletee polisi mwingine, atupime na maharage?"

"Sijui."

"Lakini utasaini tena?"

Jenista alisogeza kanga kiunoni, akaikaza. Magugu yalikuwa yameanza kuyazidi maharage upande wa mtoni, na jua lilikuwa bado kali.

"Sijui, dada. Huyu nilimjua kwa miaka. Mwingine nitaanza kumjua lini, nimeshachoka hivi?"

Akainama, akaendelea kupalilia.