Majina ya Mbegu za Wimbi

Niambie yote, lakini usiniambie Ikapel ni msomi. Mimi, mwalimu Okwara wa Matayos, nilianza kuandika aina za wimbi la huku kwetu mwaka 1968, yeye akiwa bado anavaa kaptura ya shule. Kufikia 1975 nilikuwa na aina thelathini na moja kwenye madaftari manne, nimeyafungia sandukuni, hata mke wangu hayagusi. Nilitaka kutoa kitabu. Nilitaka chuo kikuu kinijue kwa jina.

Ikapel, mwalimu wa Malaba, hakuwa na subira hiyo. Alipopata aina tano tu, aliazima mashine ya kanisa, akachapa makaratasi na kuyagawa bure sokoni, hata kwa madereva wa malori waliosubiri kuvuka kwenda Uganda. Chini aliandika: ukiona kosa, niambie. Nilicheka sana. Mwalimu mzima anaomba kukosolewa na wauza dagaa wa omena? Lakini kila muhula makaratasi yaliongezeka, na watu wakaanza kusema, mambo ya wimbi muulize Ikapel. Roho iliniuma, sikufichi. Yale yaliyofika kwangu niliwashia jiko bila kuyasoma.

Kisha nikasikia profesa anakuja Malaba kumwona. Kumwona yeye! Nikaandika barua haraka, nikamsihi profesa apitie kwangu kwanza. Akaja. Mke wangu Zilpa akamwekea chai, nami nikafungua sanduku.

Alisoma polepole, kisha akanieleza kwa upole kwamba aina zangu si thelathini na moja. Ni kumi na tisa. Nyingine nilikuwa nimezihesabu mara mbili, mara kwa jina la Kikhayo, mara kwa jina la Kiteso, na mbegu ni ile ile.

"Ikapel alikosea hivyo hivyo," alisema. "Lakini alisahihishwa."

Nikauliza, na nani. Akatoa karatasi ya Ikapel, akanionyesha mahali pa shukrani. Jina la kwanza lilikuwa Zilpa Okwara, Matayos.

Zilpa mama yake ni Mteso, na shamba letu la wimbi ni yeye anayelipanda na kulivuna. Nilimgeukia mbele ya mgeni, nikamuuliza alijua tangu lini kwamba mbegu ni zile zile.

"Tangu unioe, baba Benedetta," alisema. "Yeye aliniuliza."