Mke Wangu, Hapa Usiguse

Mume wangu alikuwa na tabia moja iliyonichosha: hakuweza kuandika mistari kumi ya programu ya simu bila kunichokoza katikati. Waandishi wa programu huacha maelezo humo ndani, mashine haiyasomi, ni ya binadamu atakayekuja kurekebisha. Binadamu mwenyewe ni mimi. "Mke wangu, hapa usiguse, utalia." Mistari miwili chini: "Umegusa, sivyo? Kanywe chai kwanza."

Ni mwaka na miezi miwili tangu nimzike, na bado nayasoma maelezo yake kila asubuhi kwenye meza yetu ya watu wawili. Kiti chake nilikirundikia mafaili ili kisinitazame.

Programu yetu huwasemea watu waliopoteza sauti: mtu anagusa picha, simu inatamka. Kisha ikaanza kukwama kwenye simu mpya. Daktari anayewafundisha wagonjwa kuongea upya akanipigia.

"Dada, nina mzee hapa anabonyeza 'maji' mpaka machozi yanamtoka. Simu kimya."

Hitilafu ilikuwa palepale pa "usiguse". Nikagusa. Nikalia kweli. Wiki tatu sikuambulia kitu, maana sehemu ile aliijua yeye tu.

"Basi iweke wazi mtandaoni," daktari akasema alipopiga tena. "Wenzako waione, wakusaidie."

"Ni ya kwetu, daktari."

"Na mzee wangu je?"

Nilinuna siku mbili. Niliona wivu, sifichi: watu baki wasome utani wa mume wangu! Nikafikiria kuufuta kwanza, lakini ndani ya utani huo ndimo alimoeleza kila kitu. Bila huo hakuna ambaye angeielewa kazi yake.

Jumatatu asubuhi nikaiachia yote mtandaoni, nikafunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku tisa, kimya. Siku ya kumi, mtu wa mji nisiowahi kufika akatuma marekebisho, mistari minne tu. Nikajaribu. Simu ikasema "maji" bila kusita.

Nikafungua nione alichofanya. Chini ya "Mke wangu, hapa usiguse, utalia," mgeni alikuwa ameandika:

"Shemeji, nimegusa kidogo tu. Dada asilie."

Tangu msiba, watu huniongelesha habari zake kwa sauti ya chini. Huyu alimsemesha yeye mwenyewe.

Nikaondoa mafaili kwenye kiti.