Sauti ya Nyapara

Mikaeli alipotuma ile picha kwa mara ya tatu, Efrazia aliizima simu akaitupa kitandani. Ruta! Kisanduku cheupe chenye masikio mawili, eti kinashika intaneti, kinawasha taa, kinafunga milango, na mlango ukiguswa tu kinatamka maneno yoyote uliyokirekodia. Kizuri, nani kakataa? Shida ni kwamba chenyewe hakijatengenezwa. Waliokibuni wanachangisha watu mtandaoni kwanza, kama mchango wa harusi ya bwana harusi usiyemjua, na Mikaeli huko Dar alishachanga. Waliahidi mwezi wa tatu, wakasogeza mpaka wa sita, sasa wanasema kuna changamoto kidogo kiwandani. Anayetaka kujitoa mwisho Ijumaa.

"Dada, amua wewe," aliandika. "Wewe ndiye uko na mama."

Ndiyo, yuko naye, lakini likizo inaisha Jumatatu na shule anayofundisha iko Handeni. Mama yao, Asnath, anabaki Old Korogwe kwenye nyumba yake. Mchana si tatizo, Mwantumu anakuja saa moja, anapika, anakaa naye mpaka jioni. Usiku analala fofofo. Tatizo ni alfajiri. Saa kumi na moja kamili anaamka, anafunga kitambaa kichwani, anavaa mabuti ya mpira, anashika kopo lake la chai na kutoka kwenda kazini. Kazi gani? Shamba la mkonge alikokuwa akipiga brashi singa, zile nyuzi za mkonge, lilishafungwa miaka na miaka. Njia ya huko inakatisha barabara kuu, na malori ya saa hizo yanapita pale utadhani yanafukuzwa. Kumfungia kwa kufuli walijaribu mara moja tu. Aligonga mlango mpaka vidole vikachubuka.

Aliyekuwa akimzuia ni mzee Castory, jirani wa nyumba ya pili, ambaye zamani alikuwa nyapara wao hukohuko shambani. Kila alfajiri alisimama kizingitini kwake amejifunga blanketi, akimsubiri.

"Shikamoo, nyapara."

"Marahaba, Asnath. Rudi ukalale. Korona imekatika mkanda."

Korona ndiyo mashine ya kuchakata mkonge; ikisimama, shamba zima limesimama. Kesho yake mvua imeziloweka singa zote. Keshokutwa kuna msiba kambi ya juu. Mzee yule alikuwa na uongo mpya kila siku, na mama aligeuka, akavua mabuti, akalala.

Castory alipovimba miguu na kuona mambo yanakwenda kombo, alimwita Efrazia mwenyewe. "Lete simu nirekodi, mwanangu. Hicho kidude cha Mikaeli kikija, kiseme kwa sauti yangu." Akarekodi lile la korona mara moja tu, kikohozi kikambana. Wiki ya pili wakamzika. Msibani mama alilia kuliko wafiwa, na kesho yake saa kumi na moja alikuwa ndani ya mabuti. Tangu hapo Efrazia akawa anamshika mkono, wanavutana mpaka kunakucha.

Basi akaamua kukipima kisanduku ambacho hakipo. Yeye mwenyewe atakuwa ruta. Jumanne akajificha nyuma ya mlango wa jikoni, na komeo lilipolia tu akabonyeza simu.

"Asnath. Rudi ukalale. Korona imekatika mkanda."

"Ndiyo, nyapara," mama alisema, akarudi kitandani.

Efrazia alifurahi, na hapohapo akaona aibu, anamsemesha marehemu. Jumatano vilevile. Akamwandikia Mikaeli asijitoe, wasubiri tu. Mpaka kidude kifike, atatafuta mtu wa kubonyeza simu.

Alhamisi komeo likalia, akabonyeza, sauti ikatoka. Akasikia mabuti yakirudi hatua moja, na mtu akijibwaga sakafuni.

"Jana korona," mama alisema polepole. "Juzi korona. Leo korona." Na huyu ni mtu asiyekumbuka kama amekula! "Mkanda gani unakatika siku tatu? Hapana. Wametufukuza. Castory anaona haya kutuambia."

Akalia, amelishika kopo kwa mikono miwili, chai ikimmwagikia mapajani. Efrazia alitoka mbio akamkumbatia. Mama akamtazama kama mgeni.

"Na wewe wamekufukuza? Una watoto wangapi?"

Efrazia akamfuta chai kwa kanga. Roho ilimuuma. Mzee Castory alimdanganya mama miaka yote ile, lakini hakuwahi kumfukuza kazi hata siku moja. Kisanduku kingemfukuza kila alfajiri, bila kukosa.

Jioni akaandika, "Jitoe." Mikaeli akapiga palepale.

"Sasa Jumatatu nani atasimama pale?"

"Sijui. Naomba uhamisho."

"Uhamisho unaweza kuchukua mwaka mzima, dada."

"Najua, jamani! Najua!"

Ijumaa saa kumi na moja alikuwa kizingitini kwa marehemu Castory, amejitanda kanga, baridi ikimchoma miguu. Mlango wa mama ukafunguka. Kitambaa, mabuti, kopo. Mama akavuka uwanja mpaka mbele yake, akamkazia macho. Efrazia aliomba kimoyomoyo amtambue, na hapohapo akaomba asimtambue.

"Shikamoo, nyapara," mama akasema.

Miaka arobaini na moja Efrazia alikuwa mwana wa mwanamke huyu, na tangu ajue kusema yeye ndiye aliyemwamkia.

"Marahaba, Asnath," akaitikia. "Leo hakuna kazi. Tunapokea wageni kutoka makao makuu."

Mama akageuka, akaenda kuvua mabuti.