Draya ya Katikati

Saluni ilikuwa na draya tatu za kukaushia nywele na intaneti ya bure isiyo na neno la siri. Chochote ambacho mteja alituma kwa simu yake, aliyekaa chini ya draya ya katikati alikisikia sikioni, kwa sauti ya mtumaji mwenyewe, kikija pamoja na hewa ya moto. Ndivyo mtaa ulivyojua kwamba mwalimu wa hesabu ana mimba, na kwamba kinyozi wa jirani anatafuta kazi kwingine. Watu walilizoea kama wanavyozoea umeme kukatika. Wateja wa Jumamosi waliwahi ili waipate ile ya katikati, na aliyeikosa alinuna.

Msusi alishafikiria kuweka neno la siri. Ila wateja wangehamia saluni ya ng'ambo, na tuseme ukweli, hata yeye umbea ulimkolea.

Siku hiyo mdogo wake alikaa pembeni, kichwa nusu kimesukwa, mtandio ukificha alama za vidole shingoni. Vifurushi vya simu alinunuliwa na mumewe, aliyekagua kila kilichotumika. Kwa hiyo ni hapa tu alipoweza kuongea na mwenye chumba alichotaka kupanga. Alitaka kuhama kesho na mtoto, mume akiwa kazini. Msusi alimwahidi kuwa draya ya katikati itabaki tupu.

Mama mkwe wa mdogo wake akaingia na rola alizojifunga nyumbani, akaomba kukaushwa tu. Mdogo mtu akamwamkia, akaulizwa habari za mtoto, akajibu, kisha akageukia ukutani kuficha shingo. Msusi alimwonyesha mgeni draya ya mwisho. Mama mkwe akasema ile pale inamtosha, akaketi katikati.

Mdogo mtu alikuwa ameshainamia simu. Msusi aliingiwa na hofu. Kumwita asingeweza, basi akachomoa simu yake kwenye aproni na kumwandikia, kwa intaneti ileile: "Usimtumie mwenye chumba kitu. Mkweo kakaa katikati."

Mama mkwe akainua kofia ya draya.

"Chumba gani, mwanangu?" aliuliza, kwa upole kabisa.

Mdogo mtu alisema hakuna chumba. Msusi alisema ni mambo ya biashara. Mama mkwe hakubishana na yeyote. Alimpigia mwanawe simu, akarudi chini ya kofia kusubiri.

Mume alifika, akasalimia wote, akamshukuru shemeji yake kwa kumtunza mkewe.

"Sijamaliza kumsuka," msusi alisema.

"Zinatosha, shemeji."

Mdogo mtu alisimama. Aliweka simu kwenye kiganja cha mumewe kabla hajaombwa, akatoka bila kumtazama dada yake. Mama mkwe akawafuata. Msusi aliona aibu, kisha hakuhisi chochote.

Mteja aliyekuwa akingoja karibu na mlango akahamia kiti cha katikati kabla hakijapoa, akaomba ashushiwe kofia. Msusi akaishusha.