Tairi za Mita

Mtaani walimwita Mita kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba hadi nyumba, mpaka kule mlimani ambako bomba linafika lakini gari halifiki. Baiskeli yake ya milimani ndiyo ilikuwa miguu yake. Njia za kule zimejaa miiba, na pancha zilikuwa sehemu ya kazi. Basi siku moja, akiwa kwenye mteremko, tairi la mbele liliisha upepo ghafla, usukani ukamponyoka, akatua chini kama gunia. Mtulinga, ule mfupa wa begani, ukavunjika. Akarudishwa nyumbani mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni.

Akaapa kwamba akipona hatapanda tena kitu chenye tyubu. Alikuwa amesikia habari za tairi zisizo na tyubu: unatoa mpira wa ndani, unaziba matundu ya rimu kwa tepu yake maalumu, halafu unamimina dawa nyeupe, nzito kama rangi ya ukutani. Mwiba ukichoma, dawa inakimbilia kwenye tundu na kuliziba papo hapo. Vifaa vyote akavipata. Alichokosa ni mikono.

Mkewe alikuwa muuguzi, akiondoka asubuhi na kurudi jioni hoi bin taabani. Aliyeshinda nyumbani ni dada mkubwa wa Mita.

Dada alikuja kukaa kwao ndoa yake ilipovunjika. Aliteremka na mabegi yake, akasema, "Nimechoka kule," basi. Hakuongeza neno, wala hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo hakuvuka geti. Alipika, akafua, akapanga kabati na kulipangua, lakini ukimtuma dukani tu, kichwa kinaanza kumuuma. Mtaa mzima ulikuwa umecheza kwenye harusi yake. Aliogopa swali moja tu, na alijua kila mdomo unalo.

"Dada, niazime mikono," Mita alimwambia asubuhi moja.

"Mikono yangu ina kazi."

"Kazi gani? Kabati ulilipanga jana."

"Haya, lete hayo matairi yako kabla sijabadili nia."

Wakatandika shuka kuukuu sebuleni, maana uani kulikuwa na vumbi na tepu haipatani na vumbi. Dada akang'oa tairi, akavuta tyubu nje, akaifuta rimu kwa spiriti mpaka ikang'aa. Mita alikaa kwenye kochi akiongoza kwa mdomo.

"Vuta tepu, Dada. Ivute mpaka ilale."

"Nimevuta."

"Hujavuta, umeibembeleza."

"Hivi wewe ni mgonjwa au msimamizi?"

Tepu ikakunjamana karibu na tundu la valvu, ikabidi waibandue na kuanza upya. Mara ya pili ikakaa. Dada akatoboa kijitundu, akapitisha valvu, akaibana, akarudisha tairi. Halafu akaanza kupampu. Upepo ukaingia na kutokea pembeni kote, fyuuu, tairi limelegea vilevile. Wakapaka maji ya sabuni kwenye kingo. Bado. Mita akamwambia afungue kile kipini kidogo cha ndani ya valvu, ili upepo uingie kwa wingi zaidi.

Dada akasimama wima, akavua kilemba, akaishika pampu kwa mikono miwili. Alipampu bila kupumzika, jasho likimtiririka, meno ameyauma, kama anayemkanyaga mtu anayemjua.

Pa!

Mita akaruka kwenye kochi. "Yalaa, bega langu!"

Pa! Ukingo wa pili nao ukaingia mahali pake, tairi likatuna, limekaa kwenye rimu pande zote. Dada akalitazama, akamtazama mdogo wake aliyejikunja na bega lake, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini. Mita alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu dada yake aje.

Walipokuwa kwenye gurudumu la pili, Dada akasema bila kuinua macho, "Hujawahi kuniuliza."

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

"Nilidhani hutaki kujua."

"Dada! Mimi nilidhani hutaki kuulizwa."

Akaendelea kuvuta tepu. "Ameoa mwingine. Mimi nilikuja kusikia kwa watu." Akaikata tepu kwa mkasi. Mita akamshikia rimu kwa mkono wake mzima.

Wakamimina dawa kupitia valvu. Nyingine ikaruka mpaka kwenye pazia la mke wa Mita, wakaangaliana kama watoto waliovunja sahani. Wakayafunga magurudumu kwenye baiskeli.

"Sasa lazima iendeshwe," Mita akasema polepole. "Sasa hivi. Dawa isipozunguka ikapaka tairi lote, itatuama chini na upepo utaisha."

"Si niyazungushe kwa mkono?"

"Inataka uzito wa mtu. Lakini kama huwezi, acha. Tutaona kesho."

Dada akaingia chumbani. Akakaa kitambo. Alipotoka alikuwa amevaa suruali ya wifi yake. "Nafika pale kona tu," akasema, kwa sauti ya ukali, kana kwamba Mita amembishia.

Alifika kona, na kona ikampita. Alikuwa hajapanda baiskeli tangu usichana wake, lakini miguu ilikumbuka. Karibu na kibanda cha fundi cherehani akapita juu ya matawi ya miiba yaliyofyekwa, akasikia tairi la mbele linapiga mluzi. Akasimama. Dawa nyeupe ilikuwa inatoka povu kwenye tundu. Fundi cherehani, mama mtu mzima, akatoka nje na futi shingoni. Ndiye aliyemshonea gauni la harusi. Katika mtaa mzima, ndiye ambaye Dada alimkimbia zaidi.

"Jamani, ni wewe? Umekuja lini? Mumeo hajambo?"

Kidole cha Dada kilikuwa juu ya tundu, dawa inamtiririkia kiganjani. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo, mama. Tumeachana."

"Marahaba." Yule mama akamtazama. "Pole, mwanangu. Hebu ngoja nikuletee maji unawe hiyo mikono." Akaleta kopo la maji, na kigoda.

Dada alipoondoa kidole, tundu lilikuwa limeziba.

Nyumbani, Mita alikuwa amesimama getini na ndala zisizofanana miguuni, roho juu. Alipomwona anakuja, akafoka, "Kona gani hiyo!"

"Tairi lako zima," Dada akajibu, akampita na baiskeli.

Si kwamba yaliisha siku ile. Siku nyingine alijifungia chumbani, kichwa kinamuuma kweli, na wifi yake akamwachia chakula mlangoni. Lakini asubuhi nyingi alitoka na baiskeli, kwa madai kwamba dawa isiposogezwa inaganda. Mtulinga ulipounga, Mita alivaa sare yake ya kazi, akatoka uani, akapakuta patupu.

"Baiskeli yangu iko wapi?"

"Muulize dada yako," mkewe akamwambia, akifunga kiatu. "Na lile pazia, utalifua wewe."