Mvua Ipite Juu

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe jikoni, mara moja, kisha kikanyamaza ghafla. Glenys alifumbua macho gizani. Mumewe Emlyn alikuwa anakoroga chai kimyakimya ili asimwamshe. Miaka arobaini na minne ya ndoa, na bado hajaweza; lakini kila alfajiri anajaribu.

"Niko macho, mzee," Glenys alisema. "Lete hiyo chai, au leo unakunywa ya watu wawili?"

Siku hiyo walikwenda mji wa Bala kwa basi kuchukua gari. Emlyn alilinunua kwa Hefin, mwalimu mstaafu aliyeliunda mwenyewe bandani nyuma ya nyumba. Lilimfikia vipande vipande ndani ya masanduku, akaliunga kwa miaka tisa, na sasa magoti yake hayakubali kuingia humo.

Glenys alilizunguka pale uani. Lilikuwa la kijani, jembamba, halimfikii kiunoni. Paa halina. Milango haina.

"Hefin, hili ni gari au beseni?"

"Beseni, shemeji. Ila linakimbia."

"Na mvua ikitukuta?"

"Msipunguze mwendo!" Hefin aliinua kidole kama yuko darasani. "Sisi wa magari ya wazi wote tunajua. Ukienda maili hamsini kwa saa, upepo unaopanda kwenye kioo cha mbele unaibeba mvua, inapita juu ya kichwa. Ukipunguza tu, imekumwagikia yote."

Emlyn aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa baraka. Mke wa Hefin alimtazama Glenys akijibana garini. Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na koti zito la zamani, akamfunika Glenys magoti na kulichomeka pembeni asipigwe na upepo.

Mvua iliwakuta baada ya mji wa Dolgellau. Na kweli, haikuwagusa. Glenys aliiona ikirukia kioo kifupi cha mbele na kupita juu ya nywele zake.

"Umeona?" Emlyn alipiga kelele kushinda injini. "Hata tone!"

"Nimeona. Sasa punguza."

"Nikipunguza utalowa, mpenzi!"

Barabara ilianza kupanda mlima. Kando kulikuwa na ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta hakukuwa na kitu, ukungu tu. Glenys alikuwa amekaa chini mno hata angeweza kunyoosha mkono akagusa lami inayokimbia. Lori lilipishana nao na gurudumu lake likapita sawasawa na uso wake. Alishika ukingo wa gari hadi vidole vikafa ganzi.

"Emlyn, naogopa. Nasema kweli."

"Kidogo tu, tumekaribia juu!"

Juu ya mlima maji yalikuwa yamekata barabara, dimbwi pana la rangi ya chai. Mtu mwingine angepita taratibu. Emlyn alishika usukani, akalipita kwa kasi ile ile. Maji yaliruka pande zote mbili kama mabawa, yakapiga chini ya gari kwa kishindo, na hapo hapo barabara ikaanza kuteremka.

Glenys aliuona mguu wa mumewe ukikanyaga breki. Gari halikupunguza. Mguu ukakanyaga tena.

"Emlyn?"

Alikanyaga mara ya tatu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Emlyn, simamisha gari."

"Sikatai, Glenys," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Breki zimelowa. Hazishiki."

Mteremko ule Glenys aliujua. Miaka yote wakipita kwa basi, dereva huteremka akiwa ameshika gia ndogo, na chini kabisa kuna kona kali, na baada ya kona ni ziwa. Alimfikiria binti yao akipokea simu, akiwa labda amesimama na kitambaa cha kukaushia vyombo mkononi. Alitamani kupiga kelele. Badala yake alitoa mkono wake kwenye ukingo, akauweka juu ya goti la Emlyn.

"Gia," alisema. "Kama dereva wa basi. Na breki uzikanyage kidogo kidogo, zikauke."

Injini ililia. Gia ya tatu, kisha ya pili. Gari liliyumba kushoto, likarudi. Mwendo ulipungua, na mvua yote iliyokuwa ikipita juu ikawaangukia: shingoni, kifuani, mapajani. Kona ilikuwa inakuja, na mwendo bado ulikuwa mkubwa.

Hapo ndipo Glenys alipoona njia ya shamba mkono wa kushoto, inayopanda. Mwanamke mmoja alikuwa anapitisha kondoo getini.

"Pale! Panda pale!"

Mwanamke yule aliinua kichwa. Hakuuliza. Alimpigia mbwa wake mluzi, kondoo wakamwagika pembeni, naye akalisukuma geti kwa mwili wake wote hadi likafunguka wazi, akajibana ukutani. Gari lilipita karibu naye mno, likapanda, likachoka, likazimika kwenye matope.

Palikuwa kimya, mvua tu.

Emlyn hakuachia usukani. "Niliogopa ukilowa siku ya kwanza hutapanda tena nami," alisema.

"Mjinga wewe," Glenys alisema, akilia. "Mimi ni sukari?"

Mwanamke wa shamba aliitwa Mererid. Aliwaingiza jikoni, akawapa soksi za marehemu mumewe, chai, na mkate wenye zabibu kavu uliopakwa siagi. Alimwona Emlyn mikono ikimtetemeka, basi akamjazia kikombe nusu tu, kisha nusu tena, bila kusema kwa nini.

Mvua ilipobaki manyunyu, walilisukuma gari kutoka matopeni, Emlyn akalizungusha uani, akajaribu breki mara kumi, Glenys akihesabu. Zilishika. Mererid aliwasindikiza hadi getini, mbwa nyuma yake.

"Tangu Krismasi hakuna aliyekunywa chai kwangu," alisema. "Mje tena, jamani. Hata mvua ikinyesha. Ila mje polepole, mlowe tu. Soksi zipo."